Kuhesabu na Kuuliza: Somo la Utafiti Kutoka Kwetu

Nipeni sikio kidogo, maana jambo ninalotaka kulieleza lilianzia darasani mwetu, ndani ya rejista ya mahudhurio.

Sisi wa kidato cha tatu tulikuwa na sifa mbaya. Kila wiki watu walikosa shule, na waliokosa waliporudi walipewa fyekeo wakakate nyasi nyuma ya maktaba. Sababu ilijulikana na kila mtu: uvivu. Mlezi wa Chama cha Kiswahili hakuridhika. Akatuambia, "Ninyi mnapenda maneno. Hebu nendeni mkatafiti, halafu mniandikie makala." Basi tukaanza.

Kwanza tulihesabu. Tulichukua rejista ya muhula mzima tukachora vijiti kwenye karatasi, kijiti kimoja kwa kila aliyekosa, siku baada ya siku. Ama kwa kweli tulishangaa. Vijiti havikutawanyika ovyo kama vya watu wavivu. Vilirundikana Jumanne na Ijumaa. Sasa mvivu gani huyo anayefuata ratiba?

Hapo hesabu ikatuacha njiani. Ilituonyesha siku, lakini haikutuambia chochote kuhusu sababu. Ikabidi tuwaulize wenyewe, mmoja mmoja, tena si mbele ya darasa. Majibu yalikuja haraka. Jumanne na Ijumaa ndizo siku ambazo lori la kiwanda hufika katika kituo cha kununulia majani chai huku kwetu. Wengi wetu tumetoka katika familia zenye mashamba madogo. Siku ya lori lazima majani yachumwe asubuhi, yale mawili na chipukizi, na yafike kituoni kabla hayajanyauka na kukataliwa. Mzazi akiwa peke yake, au mgonjwa, mtoto hubaki. Karo yenyewe inatoka kwa majani hayo hayo!

Wataalamu wana majina ya kazi hizi mbili. Kuhesabu huitwa mkabala wa kitakwimu: unatafuta ni wangapi, mara ngapi, kiasi gani. Kuuliza, kusikiliza na kushuhudia huitwa mkabala wa kimaelezo: unatafuta kwa nini, na jambo lenyewe lina maana gani kwa wanaoishi nalo. Ukiziunganisha katika utafiti mmoja, hiyo ndiyo mbinu mseto. Chukua sensa ya mwaka 2019. Ilipata watu 901,777 katika kaunti ya Kericho na 875,689 katika kaunti ya Bomet. Hapo utajua ujenge madarasa mangapi, lakini kwa tarakimu hizo peke yake hutajua kwa nini mtoto fulani hakai ndani ya darasa ulilomjengea. Vivyo hivyo, anayesikiliza hadithi za watu watatu tu asikimbie kusema kaunti nzima iko hivyo.

Mfano ulionigusa zaidi haukutoka mbali. Katika miaka ya 1970 Wamarekani wawili, Charles Super na mkewe Sara Harkness, waliishi katika jamii moja ya Wakipsigis ambayo katika maandishi yao wanaiita Kokwet. Walitaka kujua jinsi watoto wanavyokua. Walikuwa na vipimo vya kuandikwa kwa alama, na kimoja kilikuwa rahisi kabisa: mtoto anasimuliwa hadithi fupi na mtu mzima, kisha anaambiwa airudie. Watoto wengi walinyamaza tu. Angekuwa mtafiti wa vijiti peke yake, angefunga daftari, akapanda gari na kwenda kuandika kwamba watoto hawa hawana akili.

Hawa hawakuondoka. Walizuru nyumba kwa nyakati tofauti wakaandika kila mtoto yuko wapi, na nani, anafanya nini. Walisikiliza jinsi mama anavyozungumza na mwanawe. Wakaona kwamba mtoto wa huku hufunzwa kusikia na kutii. Kutumwa hutumwa kila saa, lakini kuketishwa mbele ya mtu mzima na kuambiwa "haya, sema" ni jambo geni kwake, tena linakaribia utovu wa adabu. Kimya chake kilikuwa heshima. Walipowauliza wazazi maana ya mtoto mwenye akili, walipata neno letu ng'om. Mtoto ng'om ni yule anayeona kazi na kuifanya vizuri bila kusukumwa. Na wazazi walitenga ng'om ya nyumbani na ng'om ya shuleni, wakijua kwamba mtoto anaweza kuwa na moja akakosa nyingine.

Hesabu nayo ilikuwa na zamu yake. Mwaka 1957 daktari Mfaransa, Marcelle Geber, aliyefanya utafiti Kampala, alikuwa ametangaza kwamba watoto wachanga wa Kiafrika hutangulia katika ukuaji, na wengine wakadhani ni jambo la damu. Super alipima kitendo kimoja kimoja, akachapisha matokeo mwaka 1976. Watoto wa Kokwet waliketi, wakasimama na kutembea takriban mwezi mmoja kabla ya watoto wa Marekani. Lakini katika kutambaa hawakutangulia! Damu gani inayojua kuketi isijue kutambaa? Jibu lilikuwa kwa akina mama: kuketi na kutembea huwafundisha watoto makusudi, kutambaa hawafundishi. Nilipomwuliza kogo wangu, yaani nyanya, alicheka. Akanieleza jinsi walivyochimba kishimo ardhini, wakamketisha mtoto humo na kumzungushia nguo asianguke. "Ulidhani wewe uliketi mwenyewe?" akaniuliza.

Nasema mfano huu ulinigusa kwa sababu ya mdogo wangu. Mwaka jana alipelekwa kupimwa katika shule moja ambayo sitaitaja. Mgeni alimwonyesha picha, akamwambia aeleze anachoona. Mdogo wangu alitazama vidole vya miguu yake mpaka muda ukaisha. Akaandikiwa kwamba yuko nyuma. Mama alirudi nyumbani amenyamaza, na jioni hiyo huyo huyo aliyekuwa "nyuma" aliwafunga ndama bila kutumwa, akambeba mtoto wa shangazi aliyekuwa akilia, akaenda dukani na kurudi na chenji kamili. Sisemi kipimo kilidanganya. Kilipima kweli kwamba hakusema neno. Aliyekosea ni aliyedhani anajua sababu.

Sasa nirudi kwenye rejista, maana kazi yetu ilikuwa haijaisha. Tulipokwisha kupata habari ya lori, tulitaka kuandika makala na kushangilia. Mlezi akatuuliza, "Vijiti vyote viko Jumanne na Ijumaa?" Tukatazama tena. La, havikuwa vyote. Kulikuwa na wachache waliokosa siku nyingine, mbili au tatu mfululizo, karibu kila mwezi. Tulipowauliza walisema "nilikuwa na kichwa" au wakaondoka bila kujibu. Wote walikuwa wasichana, na sisi waulizaji wote tulikuwa wavulana. Kumbe tulikuwa tumefanya yale yale ya mgeni na picha zake.

Wasichana wawili wa chama chetu wakachukua daftari. Wao waliongea nao jioni, njiani kuelekea nyumbani, na karatasi zikarudi zimeandikwa. Hatukuzisoma sisi. Mlezi alizisoma, akazikunja pamoja na karatasi yetu ya vijiti, akaenda kumwona naibu wa mwalimu mkuu. Tangu wiki ile pana kabati dogo lenye sodo katika ofisi ya mwalimu mshauri, na wa siku ya lori huandikiwa kazi waliyoikosa badala ya kupewa fyekeo. Nyasi za nyuma ya maktaba zimekuwa ndefu.