Kubadili swichi na soketi: Rangi ya waya isikudanganye

WAKAZI wengi wa mijini hubadili wenyewe swichi na soketi zilizochakaa, kwa kuwa kazi hiyo huonekana ni ya bisibisi na dakika chache tu. Hatari yake imejificha ukutani.

Nyumba nyingi za zamani nchini Tanzania, zilizofuata utaratibu wa Kiingereza, zina waya mwekundu wa moto na mweusi wa nyutro. Katika mpya, moto ni kahawia na nyutro ni bluu. Uingereza yenyewe iliziacha rangi za zamani kwa nyaya mpya za majumbani mwaka 2006. Nyumba iliyoongezewa vyumba huweza kuwa na rangi zote.

Kwenye swichi mambo huwa magumu zaidi. Waya mweusi unaotoka hapo kwenda kwenye taa huwa na moto kila swichi inapowashwa. Aidha, aliyeunga swichi kwenye nyutro badala ya moto hatagundua kosa lake: taa itazima kama kawaida, lakini holda itabaki na umeme wa volti 230, ukimsubiri atakayebadili balbu.

Kwa hiyo zima swichi kuu, si ile ya ukutani, kisha pima kila waya kwa testa uliyokwisha kuijaribu penye umeme. Ethi ya soketi nayo isiachwe ikining'inia eti kwa sababu redio inalia bila hiyo. Pasi na jokofu huihitaji.

Ukikuta waya umeungua, soketi mpya haitatibu kitu. Mwite fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA).