Makufuli ya Michezo Mikongwe ya Tarakilishi: Kuyafungua ni Wizi au ni Uhifadhi?

Mjadala kuhusu hakimiliki aghalabu huegemea upande mmoja: anayevunja kinga ya kazi ya mwingine huitwa mwizi, na mazungumzo hukomea hapo. Makala haya yananuia kubainisha kwamba, kwa upande wa michezo mikongwe ya tarakilishi, kufuli lililowekwa ili kumzuia mwizi sasa linaelekea kuizika kazi yenyewe.

Tuchukue mfano wa Apple II, tarakilishi iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka wa 1977. Chini ya mfumo wake wa DOS 3.3, upande wa disketi uligawanywa katika mizingo 35, na kila mzingo katika sehemu 16 zenye baiti 256, yaani jumla ya baiti 143,360. Kila sehemu ilitanguliwa na alama zilizoonyesha mahali data inapoanzia. Kwa kuwa usomaji wa disketi ulitegemea sana programu, wachapishaji wa michezo waliweza kuzibadilisha alama hizo. Programu ya kawaida ya kunakili ilizitafuta, isizione, ikashindwa. Wengine waliuamuru mchezo ukague kwanza dosari iliyotiwa makusudi kwenye disketi halisi; dosari ikikosekana, mchezo haukuendelea.

Kinga nyingine zilikuwa nje ya disketi. Katika toleo la DOS la Prince of Persia (1990), mchezaji alitakiwa kunywa dawa yenye herufi iliyolingana na neno fulani katika kijitabu cha maelekezo. Aliyekipoteza kijitabu alifungiwa nje, ingawa mchezo aliununua kwa fedha zake.

Tatizo ni kwamba usumaku wa disketi hufifia, na mitambo ya kuzisomea huharibika. Disketi isiyokuwa na kinga hunakiliwa kwa urahisi. Iliyofungwa hubaki ikingoja kufa. Ndipo mhifadhi hulazimika kuisoma programu hatua kwa hatua, akaitambua amri inayofanya ukaguzi, kisha akaibadilisha ili mchezo uendelee na uweze kuchezwa katika tarakilishi za leo.

Hata hivyo, si kila aliyefungua alihifadhi. Wavunjaji wengi wa miaka ya 1980 waliondoa picha za utangulizi ili kubana nafasi, wakatia majina yao ya kujitapa. Msomi anayelinganisha hati za tenzi kongwe atalitambua tatizo hili mara moja: mnakili aliyeiokoa kazi ndiye pia aliyeichafua. Aidha, wavunjaji hao walipendelea michezo ya kusisimua. Programu za kufundishia watoto hesabu na kusoma hazikuwavutia, hivyo nyingi hazikupata nakala.

Pengo hilo limezibwa kwa kiasi na mhifadhi anayejiita 4am, ambaye ameweka mamia ya kazi katika Internet Archive. Yeye huondoa kinga pekee, haongezi jina lake ndani ya mchezo, na huambatisha maelezo ya kila alichobadilisha. Tangu mwaka wa 2018, kifaa kiitwacho Applesauce kimewezesha pia kuhifadhi taswira ya disketi nzima pamoja na kufuli lake.

Kisheria, sheria ya Marekani ya mwaka wa 1998, iitwayo DMCA, ilikataza kuvunja kinga za aina hii. Mwaka wa 2003 Mkutubi wa Bunge la nchi hiyo aliruhusu hali ya kipekee kwa programu na michezo iliyokuwa katika miundo iliyopitwa na wakati. Ruhusa hiyo, lakini, ilihusu kufungua tu; haikumpa mtu haki ya kusambaza.

Kwa kuhitimisha, uhifadhi kamili unahitaji nakala mbili: moja yenye kufuli, iwe ushahidi wa historia, na nyingine iliyofunguliwa, iweze kutumika. Kufungua si wizi kwa yenyewe. Kinachomtofautisha mhifadhi na mharibifu ni uaminifu wake kwa kazi iliyo mikononi mwake.