Fahamu: Miti ya Sekenke na machimbo ya dhahabu

Mlima Sekenke, wilayani Iramba, unashuka hadi bonde la Wembere, na miti hubadilika kufuata udongo. Penye mawe kuna miombo na mibuyu. Chini, kwenye udongo mweusi unaotuamisha maji, hustawi migunga. Miarobaini yenye asili ya Bara Hindi na mikaratusi ya Australia ni miti ya kupandwa, kwa kivuli na nguzo.

Dhahabu imechimbwa hapa tangu enzi za Wajerumani. Wachimbaji wadogo huhitaji matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta za maduara (mashimo ya kuchimbia) zisiporomoke, na kila duara hula miti mingi mno. Bahati njema, visiki vya miombo huchipua tena vikinusurika moto na mifugo. Kuvilinda ni rahisi kuliko kupanda miche mipya.