Uso Uliomezwa na Jua la Ruzizi

Saa sita mchana huko Luberizi, katika bonde la Ruzizi, Kivu Kusini, jua likiwa utosini, barabara kuu namba 5 inayotoka Kamanyola kwenda Uvira huwaka kwa weupe wa vumbi. Mama muuza ndagala ameketi chini ya mwavuli, beseni lake miguuni, milima ya Mitumba mgongoni, na anga limepauka kwa wingi wa mwanga. Mpiga picha akimwelekezea simu au kamera ya dijitali na kubonyeza, mara nyingi anachopata ni anga safi na milima inayosomeka, lakini mahali pa uso wa mama pamebaki kivuli. Macho hayaonekani, mikunjo ya tabasamu haipo, maua ya kitenge yamezama. Mchana mmoja kijana mpiga picha alifungua programu ya kuhariri, akaburuta kidole kuinua vivuli, na uso ukajitokeza kama wa mtu anayechungulia mlangoni. Hapo ndipo husikika ile lawama inayowafuata wapiga picha kila mahali: umeichezea hiyo, si picha ya kweli tena. Lawama hiyo nataka kuikataa. Picha ya kwanza, ile iliyotoka kwenye kamera bila kuguswa, haikuwa ya kweli kuliko ya pili. Nakwenda mbali zaidi: katika bonde kama hili, ambalo kwa miaka mingi limepigwa picha na wageni wakati wa maafa tu, kuhariri ni nusu ya kazi ya sanaa, tena ndiyo nusu inayobeba dhamana kubwa.

Tuanze na mashine yenyewe. Kihisi cha kamera ya dijitali hakijui rangi. Ni uwanja wa vitone vinavyopima wingi wa mwanga tu. Karibu kamera zote huweka juu ya kila kitone kichujio kimoja, chekundu, kijani au cha buluu, kwa mpangilio ambao Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak alipewa hataza yake Marekani mwaka 1976. Kwa hiyo kila kitone kinaijua rangi moja kati ya tatu. Mbili zilizobaki hukisiwa na kompyuta iliyomo ndani ya kamera kwa kuangalia vitone jirani, na hivyo theluthi mbili za rangi ya picha ni makisio hata kabla mwenye kamera hajafanya lolote. Kuna pia kipimo cha mwanga. Kipimo hicho kimetengenezwa kwa dhana kwamba kila mandhari, ukiikoroga pamoja, inatoa kijivu cha wastani. Anga la Ruzizi saa sita linaivunja dhana hiyo: kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga ili kuliokoa anga, na anayelipa gharama ni mwenye ngozi nyeusi aliyekaa kivulini. Isitoshe, faili ghafi la biti 14 linaweza kubeba ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, ilhali picha ya kawaida ya JPEG inabeba 256. Ngazi zilizotupwa zilichaguliwa na wahandisi ambao hawajawahi kukanyaga Luberizi. Asiyehariri picha yake amehaririwa na kiwanda.

Na viwanda havikuwa na macho sawa kwa watu wote. Enzi ya filamu, maabara zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, kadi zilizoitwa Shirley, na kila ngozi iliyofika maabara ilipimwa kwa ngozi yake. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameeleza kwamba msukumo wa kuifanya filamu isome vizuri zaidi rangi za kahawia ulitokana kwa sehemu na malalamiko ya watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti. Mbao na chokoleti zilipata mtetezi kiwandani mapema kuliko nyuso za watu. Vihisi vya leo vina uwezo mkubwa kuliko filamu ile, lakini uwezo huo umelala ndani ya faili, nao hauamki mpaka mtu aliyemwona mama yule kwa macho yake auamshe. Kuinua vivuli vya uso wake ni kurudisha kile ambacho jicho liliona na mashine ikakiacha njiani.

Mtu atasema: sawa, kurekebisha mwanga tumekubali, lakini sanaa haiishii hapo, inakata, inaunganisha, inaweka mtu mahali ambapo hakuwapo, na huo si uongo? Swali ni zito. Kwanza, jambo hili si geni kwetu wala halikuletwa na kompyuta. Huko Lamu, Omar Said Bakor alikuwa akitengeneza picha za kuunganisha katika studio yake miongo kadhaa kabla ya programu ya Photoshop kuingia sokoni mwaka 1990, na waliozitaka walijua wazi kwamba wananunua ubunifu. Lakini jibu lenye nguvu zaidi liko hapa hapa Kongo, Lubumbashi, katika kazi ya Sammy Baloji, aliyezaliwa mji huo mwaka 1978. Katika mfululizo wake uitwao Mémoire, wa mwaka 2006, alipiga picha za rangi za mitambo iliyochakaa ya Gécamines, kampuni iliyorithi mali za Union Minière, ile kampuni ya kikoloni iliyoanzishwa mwaka 1906. Kisha akachukua picha za zamani zisizo na rangi, zilizohifadhiwa tangu enzi hizo, akawakata wafanyakazi, wafungwa wenye minyororo na mabwana wa kikoloni, akawasimamisha mbele ya magofu ya leo.

Zitazame kwa karibu. Watu wana rangi ya kijivu na majivu. Kutu ya mabati nyuma yao ni nyekundu ya damu iliyokauka, anga ni la buluu. Mshono hauna haja ya kufichwa, wala Baloji hakuuficha. Mtazamaji yeyote, hata asiyesoma, anajua mara moja kwamba nyakati mbili zimelazwa juu ya karatasi moja. Ukweli wa picha hiyo uko hapo hapo kwenye mshono: waliojenga utajiri ule na magofu yaliyobaki ni habari moja, lakini hakuna kamera inayoweza kuikamata habari hiyo kwa mbonyezo mmoja, kwa sababu wahusika wamekufa na kiwanda kimekufa baada yao. Mfanyakazi aliyepigwa picha na kampuni ili ahesabiwe pamoja na mali nyingine amerudi kudai jasho lake. Mwaka 2007 kazi za Baloji zilipewa tuzo kwenye maonyesho ya picha ya Bamako, na mwaka uliofuata yeye na wenzake walianzisha Lubumbashi tamasha la sanaa walilolipa jina la Kiswahili tupu: Picha.

Kiripi Katembo, mzaliwa wa Goma, alifanya kwa wepesi zaidi. Watu wa Kinshasa hawakupenda kuelekezewa kamera, naye akaielekeza chini, kwenye madimbwi ya mvua, akapiga vivuli vyao majini, kisha akaipindua picha juu chini. Mawe na takataka za barabarani zikaelea angani kama sayari, na wapita njia wakatembea katika mji ulio kama ndoto huku uchafu wa mji halisi ukiwa umewazunguka. Kuhariri kwake kulikuwa karibu ni kule kugeuza tu. Hakuongeza kitu, hakufuta kitu. Mfululizo huo, Un regard, ulionyeshwa Paris mwaka 2015, mwaka uleule malaria ilipomuua akiwa na miaka thelathini na kitu. Naona uchungu kila nikifikiria ni madimbwi mangapi ya Goma, Bukavu na Uvira yangepata jicho lile.

Sasa rudi bondeni. Dunia imeliona bonde la Ruzizi kwa njia gani? Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, jirani ya Luberizi, likawaka na kuua watu zaidi ya 200. Picha za kuungua na za makaburi ya pamoja zikazunguka ulimwenguni. Juni 2014 watu wasiopungua 30 waliuawa Mutarule, si mbali na Luberizi, na bonde likarudi kwenye magazeti. Picha hizo zilistahili kupigwa, na ole wake atakayezihariri, maana ni ushahidi. Lakini ushahidi wa usiku mmoja hauwezi kubeba miaka. Unaonyesha sehemu ya sekunde, kisha unaondoka na mpiga picha. Mpunga uliopandwa baadaye katika mashamba yaleyale, ng'ombe waliorudi, mtoto aliyezaliwa mwaka ule na sasa anavaa sare ya shule, vyote hivyo havimo. Msanii wa bonde anayeweka shamba la leo na kumbukumbu ya Mutarule katika fremu moja, kwa ridhaa ya familia, na akauacha mshono uonekane, atakuwa amesema jambo ambalo mwandishi wa habari, kwa haki kabisa, hawezi kulisema kwa picha moja.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni la vita. Tunaishi mahali ambapo picha ya uongo inaweza kuwasha jirani dhidi ya jirani kabla jua halijatua. Je, si hatari kuwafundisha vijana kukata na kuunganisha? Naichukua hofu hiyo kwa uzito wake wote. Lakini chunguza picha zinazochochea chuki kwenye simu zetu. Mara nyingi hazijahaririwa hata kidogo. Ni picha halisi ya maiti wa nchi nyingine au wa mwaka mwingine, iliyotumwa na maneno yasemayo kwamba imepigwa hapa, jana. Uongo umo kwenye maneno yaliyobandikwa chini. Mashindano ya World Press Photo yalikutana na mambo yote mawili mwaka 2015: karibu asilimia 20 ya kazi zilizofika hatua ya kabla ya mwisho ziliondolewa kwa kuchezewa kupita kanuni, na mpiga picha wa Italia, Giovanni Troilo, alinyang'anywa tuzo kwa sababu moja ya picha zake, iliyodaiwa kuwa ya mji wa Charleroi, ilipigwa Brussels. Waliotazama vitone vya picha ile wasingelikuta kosa. Kijana anayejua jinsi picha inavyounganishwa ndiye atakayeutambua mshono uliofichwa, na ndiye atakayeuliza ilipigwa wapi na lini.

Kuna pia uhariri unaookoa maisha, nao hausemwi vya kutosha. Tangu Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi apewe Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, na hata kabla, kamera nyingi zimefika Kivu Kusini kuwatafuta wanawake waliofanyiwa ukatili. Picha isiyoguswa ya mwanamke kama huyo ni hatari kwake. Kumfunika uso, na kumfunika kwa rangi nzito badala ya ukungu wa miraba midogo ambao wajuzi wanaweza kuukisia, na kufuta taarifa ya mahali iliyoandikwa na simu ndani ya faili: hapo kuhariri ni wajibu, na anayejivunia kutogusa picha anajivunia uzembe.

Ninachokiogopa mimi ni kitu kingine kabisa, kile kitufe cha urembo kilichomo kwenye simu nyingi, ambacho hulainisha ngozi na kuing'arisha bila kuulizwa. Huo ni mkorogo wa kidijitali. Wapo watakaosema hakuna tofauti kati yake na kuinua vivuli, kwa kuwa vyote vinaufanya uso uwe mweupe zaidi. Tofauti ipo na inapimika. Mwanga hauchagui, ukiinua kivuli, kila kilichokaa katika kivuli hicho kinapanda pamoja, yaani uso, mkono, kitenge na mpini wa mwavuli. Uso ukipanda peke yake na mkono ukabaki palepale, hapo aliyeguswa ni mtu, wala si mwanga. Kifaa cha kufanyia kazi safi si ghali: programu ya Snapseed ni ya bure, inakaa kwenye simu, na ikishapakuliwa huhariri bila kula mega za intaneti.

Kwa mama wa Luberizi, kipimo kiko miguuni pake. Ndagala wakavu katika beseni, ambao mchana ule walitoka kwenye kamera weusi kama makaa, wanapaswa kurudia rangi yao ya fedha kwa kadiri ileile mashavu yake yanavyorudia kahawia yake, na majani ya mpunga kando ya barabara yasizidi ukijani wa msimu ule. Faili la kwanza lihifadhiwe bila kuguswa, na tarehe yake. Nakala ya kwanza itakayochapwa ipelekwe pale pale chini ya mwavuli, asubuhi na mapema, wakati jua linapotokea upande wa Burundi na kumwangaza uso, aishike mkononi, na walio jirani yake waangalie karatasi kisha wamwangalie yeye.