Dhamana: Huwekwa au Hulipwa?

Makala haya yanakusudia kuchunguza neno moja la mahakamani, yaani dhamana, kwa kutumia mfano wa mtu aliyeshtakiwa kwa udanganyifu wa kodi. Mfano wenyewe tumeuweka Maua, katika nchi ya Meru. Huko, kama kwingineko nchini Kenya, mahakama ya hakimu huendesha shughuli zake kwa Kiingereza au Kiswahili, ilhali wengi wa wanaosimama kizimbani huzungumza Kimeru nyumbani. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 humpa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Lakini mkalimani hawezi kuifikisha salama dhana ambayo imekwisha kuvurugwa katika lugha anayoitoa.

Tumchukue mfanyabiashara anayedaiwa kuwasilisha ankara za bidhaa ambazo hakuzinunua kamwe. Tangu 1990 Kenya hutoza kodi ya ongezeko la thamani, na mfanyabiashara aliyesajiliwa huruhusiwa kuondoa katika kodi anayodaiwa ile aliyotozwa aliponunua bidhaa zake. Ankara ya uongo, basi, humpunguzia deni au kumpatia marejesho asiyoyastahili. Chini ya Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015, kosa hili laweza kumletea kifungo cha hadi miaka 10.

Hilo ni kosa zito, walakini halimwondolei haki ya dhamana. Kifungu cha 49 cha Katiba husema kwamba mtu aliyekamatwa ana haki ya kuachiliwa kwa masharti ya kadiri, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumzuia. Hakimu hapo haulizi kama mtu huyu ni mwizi. Hilo litaamuliwa baada ya ushahidi. Huuliza kama atarudi siku ya kesi, na kama hatawatisha mashahidi au kuharibu vitabu vya hesabu. Kiasi kikiwa kikubwa mno, mshtakiwa aweza kuiomba Mahakama Kuu, mathalani ile ya Meru, ikipunguze.

Sasa turudi kwenye lugha. Asili ya neno dhamana ni Kiarabu, na kiini cha maana yake ni kuchukua jukumu juu ya mtu au kitu. Mahakamani jukumu hilo huchukua sura tatu: ahadi ya mshtakiwa mwenyewe, fedha taslimu zinazowekwa mahakamani, au ahadi ya mdhamini, ambaye aghalabu huambatanisha hati ya shamba au ya gari. Katika sura zote tatu hakuna kinacholipwa. Kinachotolewa hushikwa tu, na mshtakiwa akitimiza masharti hurudishwa kesi iishapo, hata kama amepatikana na hatia.

Hata hivyo, usemi uliozagaa magazetini na sokoni ni "kulipa dhamana". Kitenzi hiki kinaivuta dhamana upande wa faini, na msikilizaji huondoka na makosa mawili. Kwanza, hudhani kwamba aliyetoka "amelipa", kwa hiyo kesi imekwisha. Asiporudi siku iliyotajwa, hati ya kumkamata hutolewa. Pili, hudhani kwamba fedha zimekwenda, akatupa stakabadhi ambayo angeitumia kuzidai. Hasara ya mdhamini yaweza kuwa kubwa zaidi. Akiwa amefahamu kwamba anatia sahihi karatasi tu, mshtakiwa akatoroka, ataitwa aeleze kwa nini asitozwe kiasi chote alichoahidi.

Kwa sababu hizi tunapendekeza kwamba makarani, wakalimani na waandishi wa habari waseme "kuweka dhamana" kwa fedha, "kumdhamini" kwa ahadi ya mtu mwingine, na "kujidhamini" kwa ahadi ya mshtakiwa mwenyewe. Kitenzi "kulipa" kiachiwe faini, ambayo huja baada ya hukumu. Maneno haya yote yamo katika lugha tayari, wala hayahitaji kamati ya kuyaunda. Yahitaji tu kutumiwa mahali pake, kwa kuwa shamba la mtu laweza kutegemea kitenzi kimoja.