Kutenga Mitambo kwa Vali Wakati wa Kuzima Kiwanda: Mfano wa Kahawa ya Kagera

Kahawa ya robusta inayolimwa Muleba na Bukoba hupitia viwanda vya namna mbili, na kila kimoja huzimwa kwa njia yake. Kinu cha kukobolea hutulia umeme ukikatwa na swichi ikafungwa kwa kufuli. Katika kiwanda cha kahawa ya kuyeyuka, kama kile cha TANICA mjini Bukoba, kahawa iliyokaangwa na kusagwa hukamuliwa utomvu wake kwa maji ya moto yenye kanieneo. Hapo kukata umeme hakutoshi, kwani mvuke wa boila hauhitaji swichi ili usafiri.

Makala haya yanashikilia kwamba vali moja iliyofungwa haitoshi kumlinda mtu. Machicha ya kahawa au gamba la chumvichumvi likinasa kwenye kikalio cha vali, gurudumu hugoma. Mkono hudhani umefika mwisho, ilhali mwanya umebaki. Kwenye kanieneo ya bar 10 zaidi ya ile ya hewa, mvuke unaopenya una joto la nyuzi 184 hivi za Selsiasi.

Ndiyo maana hufungwa vali mbili zinazofuatana, na tundu la kutolea lililo kati yake huachwa wazi. Ya kwanza ikivuja, mvuke hutokea nje, ukaonekana, badala ya kuielemea ya pili. Kwa fundi anayeingia ndani ya tangi hata hilo ni pungufu: flenji hufunguliwa ikawekwa sahani ya chuma, au kipande cha bomba huondolewa kabisa.

Jambo linalosahaulika mno ni kupoa. Mvuke ulionaswa hugeuka maji, ombwe likabaki, na chombo kikabonyea au kikavuta kilichomo katika bomba jirani. Baada ya kanieneo kushuka, tundu la juu sharti liwe wazi.

Tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, pampu iliyoondolewa vali yake ya usalama iliwashwa na zamu isiyo na habari. Watu 167 walikufa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamwajibisha mwajiri, lakini zamu ndiyo inayoshika gurudumu. Kwa hiyo anayeingia zamu aweke kufuli lake kwanza, ndipo anayetoka aondoe la kwake.