Nani Achague Picha ya Stempu?

Mwaka 1968 Burundi ilitoa stempu za Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi iliyofanyika Grenoble, Ufaransa, zikiwa na picha za watu wanaoteleza juu ya theluji. Burundi haikuwa na mchezaji hata mmoja kule. Mara yake ya kwanza kushiriki Olimpiki yoyote ilikuwa Atlanta mwaka 1996, miaka 28 baadaye, pale Vénuste Niyongabo alipotwaa dhahabu ya mbio za mita 5,000. Stempu zile za theluji hazikulenga barua za kutoka Gitega kwenda Muyinga. Zililenga albamu za wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, na nyingine nyingi za miaka hiyo zilifuata njia ileile: wanaanga wa Apollo, michoro ya wasanii wa Ulaya, wanyama kwa rangi za kuvutia. Zilikuwa stempu nzuri kwa macho na ziliingiza fedha, wala sioni aibu ndani yake. Lakini zinazaa swali linaloihusu burudani tunayoizungumzia hapa, yaani kubuni na kununua stempu ya posta yenye picha uliyoichagua mwenyewe: picha ya stempu inapaswa kuchaguliwa na nani?

Tabia ya kuchaguliwa picha na watu wa mbali ni kongwe Burundi kuliko jina la Burundi kwenye stempu. Urundi ilipokuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, barua iliyotoka Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, ilibandikwa stempu yenye picha ya Hohenzollern, meli ya fahari ya Kaisari, chombo ambacho hakikuwahi kugusa maji ya Tanganyika. Wabelgiji walipoingia mwaka 1916 walichukua stempu za Kongo yao wakazigonga jina URUNDI kwa juu. Wakusanyaji huziita stempu za Tombeur, kwa jina la jenerali aliyeongoza majeshi yao, na zimeghushiwa sana hivi kwamba anayeuziwa moja kwa bei ya kutupa ana kila sababu ya kutilia shaka. Hata Ruanda-Urundi ilipopata stempu zenye jina lake, michoro iliendelea kuazimwa. Zile za mwaka 1948 zina barakoa na sanamu za mbao, michoro ileile iliyotumika kwa Kongo, na kumbe barakoa si jambo ambalo Mrundi wa Gitega angelitaja akiulizwa kuhusu mila za kwao. Uhuru wa 1962 nao ulianza kwa kuazima: stempu za wanyama za Ruanda-Urundi zilichapwa juu yake maneno Royaume du Burundi. Baadaye mwaka huohuo zikatoka zenye sura ya Mwami Mwambutsa IV na wapiga ngoma wa kifalme. Hapo angalau mtu wa Gitega aliona kitu anachokijua. Jamhuri ilipotangazwa Novemba 1966, ikaja zamu ya stempu za ufalme kuchapwa juu maneno République du Burundi.

Nimeyataja haya kwa sababu hoja yangu inasimama juu yake. Wengi huichukulia stempu yenye picha ya mtu binafsi kama kichekesho cha matajiri: picha ya harusi, mtoto mchanga, mbwa. Mimi naiona tofauti. Kwa watu wa miji kama Gitega na Muyinga, ambao kwa zaidi ya miaka mia wamebandika kwenye bahasha picha zilizoamuliwa na wengine, hii ni nafasi ya kwanza ya kuweka kwenye barua kitu cha kwao. Ila nafasi hiyo ina sharti moja: stempu hiyo isafiri. Ikibaki kwenye albamu bila kupita posta, ni picha ndogo iliyolipiwa bei kubwa.

Mtu wa kwanza anayekumbukwa kwa kujiwekea picha yake kwenye stempu hakuilipia. Alikuwa Charles Connell, mkuu wa posta wa koloni la New Brunswick, ambalo leo ni sehemu ya Kanada. Mwaka 1860 alipoagiza stempu mpya, ile ya senti tano ilifika ikiwa na sura yake badala ya ya Malkia Victoria. Makelele yakawa makubwa, akajiuzulu, na sehemu kubwa ya shehena ikateketezwa. Kilichokuwa kashfa kikageuka kuwa huduma ya kulipia baada ya miaka karibu mia na arobaini. Posta ya Australia iliianzisha kwenye maonyesho ya stempu ya Melbourne mwaka 1999, Kanada na Uingereza zikafuata mwaka 2000, kisha nchi nyingi za Ulaya, Ubelgiji ikiwamo. Namna ni mbili. Kwa ya kwanza, stempu yenyewe ni ya serikali, ina jina la nchi na bei, na picha yako inachapwa kwenye kipande kilichoungana nayo, kikitenganishwa na mstari wa matundu tu. Kwa ya pili, picha yako inaingia ndani ya stempu yenyewe, jina la nchi na bei vikiwa pembeni. Katika zote mbili huichapi wewe. Unapeleka picha, posta au kampuni iliyopewa kibali inaikagua, inaikubali au inaikataa, kisha inakutumia karatasi nzima ya stempu. Sheria za Umoja wa Posta Duniani ziko wazi kwamba stempu ni kitu cha kutolewa kwa mamlaka ya nchi mwanachama peke yake. Anayechapa zake nyumbani na kuzibandika kama malipo anaghushi.

Na stempu hulipia barua katika nchi iliyoitoa tu. Ya Ubelgiji hailipii barua inayotoka Muyinga hata ikiwa na picha ya soko la Muyinga. Kwa hiyo njia iliyo wazi zaidi kwa mkazi wa Gitega ni ya kwenda na kurudi. Anabuni picha huku, anaituma kwa simu kwa dada au binamu aliyeko katika nchi yenye huduma hii, yule anaagiza karatasi ya stempu, na barua zinarudi Gitega zikiwa na picha iliyozaliwa Gitega. Nani anaibandika ni suala la mahali pa kuagizia. Nani aliichagua ndilo suala lenyewe.

Pingamizi la kwanza ni la bei, na halipaswi kupuuzwa. Kampuni ya Stamps.com ilipoanza kuuza stempu za picha Marekani mwaka 2004, karatasi ya stempu 20 iliuzwa dola 16.99, wakati thamani yake ya posta ilikuwa dola 7.40. Yaani mnunuzi alilipa zaidi ya mara mbili. Ni kweli ni gharama, na kwa anayetuma barua mia kwa mwezi ni upuuzi mtupu. Lakini hakuna anayebuni stempu ili kuokoa fedha. Karatasi moja kwa mwaka, iliyogawanywa kwa ukoo mzima kwa ajili ya barua za sikukuu, inabaki nafuu kuliko burudani nyingi ambazo hakuna anayezihoji.

La pili ni zito zaidi: mlango ukifunguliwa kwa picha za watu, watapenya na waovu. Imetokea. Miezi ya mwanzo ya majaribio ya Marekani, watu walifanikiwa kupitisha picha za Ted Kaczynski, aliyeua kwa mabomu ya kutumwa kwa posta, na za Slobodan Milošević, rais wa zamani wa Yugoslavia. Posta ya Ujerumani nayo ilijikuta imechapa sura ya Rudolf Hess, aliyekuwa naibu wa Hitler. Marekani ilijaribu kanuni kali, ikaingia mahakamani na mchoraji aliyekataliwa mchoro wake wa kisiasa, na mwezi Juni 2020 ikafuta huduma hiyo kabisa. Katika nchi yenye majeraha kama Burundi, hofu hii si ya kubuni. Hata hivyo, ukiangalia vizuri, tatizo lilikuwa kubwa pale ambapo picha ilifanywa kuwa stempu yenyewe, kwani hapo dola huonekana kama imetia sahihi. Ile namna ya kipande cha pembeni hupunguza hatari hiyo: stempu inabaki ya nchi, yenye ngoma au kahawa au nembo, na picha ya mteja inakaa jirani yake kama mgeni. Ukaguzi bado unahitajika. Lakini kukagua picha chache zinazoletwa na mtu anayejulikana, kwenye dirisha la mji usio mkubwa, si sawa na kukagua maelfu yanayomiminika kwa intaneti.

Wakusanyaji wakongwe wana pingamizi lao. Husema vitu hivi havina thamani, katalogi nyingi haziviorodheshi kimoja kimoja, na kila mtu anaweza kutengeneza chake. Kuhusu stempu isiyotumika nawaunga mkono bila kusita. Anayenunua akitarajia kuuza kwa faida anajidanganya. Ila bahasha iliyosafiri ni jambo jingine. Ina tarehe, ina muhuri wa ilikotoka, ina anwani yenye B.P. na namba ya sanduku, na kwa hisani ya karani inaweza kupata muhuri wa ilikofikia. Bahasha za enzi ya Wabelgiji zilizogongwa Kitega, kama walivyoliandika jina wakati ule, hutafutwa na wakusanyaji kwa sababu ya muhuri, hata pale stempu iliyobandikwa ilichapwa kwa wingi usiohesabika. Kitu cha kawaida kilipita mahali maalumu siku maalumu, na alama ikabaki. Stempu ya picha nayo ipimwe hivyohivyo.

Ndiyo maana kubuni kwake kunataka akili kuliko simu nzuri. Stempu ya sentimita tatu kwa nne, hata ikichapwa kwa ubora wa juu, haihitaji zaidi ya nukta 354 kwa 472, kiasi ambacho kamera ya simu yoyote ya leo inakizidi mbali. Kinachoharibu stempu nyingi ni wingi wa vitu. Chukua Gishora, kama kilomita saba kutoka Gitega, mahali pa ngoma panapohusishwa na Mwami Mwezi Gisabo, penye ngoma mbili zinazoheshimiwa, Ruciteme na Murimirwa. UNESCO iliiandikisha ngoma ya kifalme ya Burundi mwaka 2014, na mtu yeyote atavutiwa kupiga picha ya kundi zima la wapiga ngoma likiwa limeruka hewani. Ipunguze picha hiyo hadi upana wa vidole viwili na utaona madoadoa. Ngoma moja, ngozi yake na vigingi vinavyoishikilia, itasomeka kutoka upande wa pili wa meza. Muyinga ina jengo linalofaa kama nini: maktaba iliyokamilika mwaka 2012 kwa michoro ya BC Architects wa Ubelgiji, yenye kuta za matofali ya udongo ulioshindiliwa na paa la vigae vya udongo wa kuchoma. Ndani mna wavu mkubwa wa kamba za katani ambao juu yake watoto hujilaza wakisoma. Wavu huo ndio unaopendwa na wapiga picha, lakini kwenye stempu nyuzi zake zitapotea. Safu ya nguzo na mteremko wa paa havitapotea.

Jambo moja ambalo wengi hulisahau ni wino wa muhuri. Muhuri wa posta kwa kawaida ni mweusi, na ukiangukia picha yenye giza hausomeki. Mbunifu mwenye busara huacha kona moja nyeupe, mbingu au ukuta uliopakwa chokaa, ili jina la mji na tarehe vipate pa kukaa. Kama ni ile namna ya kipande cha pembeni, muhuri uguse vyote viwili, stempu na picha, kwani bila hivyo hakuna ushahidi kwamba vilisafiri pamoja. Mwombe karani agonge kwa mkono, taratibu. Na usitumie sura ya mtu mwingine bila ruhusa yake, wala mchoro wa msanii bila idhini ya msanii. Kukubaliwa na posta hakufuti haki za mwenye picha.

Wapo watakaouliza: simu inatuma picha bure kwa sekunde moja, stempu ya nini? Jibu langu ni kwamba vinafanya kazi tofauti. Picha ya simu hufika kwa mtu mmoja na kuzikwa chini ya nyingine elfu. Bahasha hupita mikononi mwa makarani wa nchi mbili, huwekwa kabatini, na husomwa tena na mtu ambaye hakuandikiwa. Kizazi kijacho kitakachotaka kujua Muyinga ilijionaje katika miaka hii kitapata kidogo sana kwenye simu zilizokufa betri.

Asiye na ndugu ng'ambo hajafungiwa nje. Anaweza kubuni kibandiko chake kisicho na bei wala jina la nchi, akakiweka nyuma ya bahasha, huku mbele akilipia kwa stempu halali ya Burundi. Au achague kadi yenye picha ya ngoma, aitafutie stempu yenye ngoma, na aigongeshe muhuri Gitega, ili vitu vitatu vizungumzie kimoja. Burudani hii ya pili ina wafuasi na maonyesho yake duniani, na gharama yake ni kadi na stempu.

Kwa Régie Nationale des Postes, shirika la posta la Burundi, ombi ni hili: karatasi ya stempu zenye picha ya nchi na kipande cheupe pembeni, picha ya mteja ichapwe hapo, na maombi yapokelewe kwenye madirisha ya Gitega na Muyinga, si Bujumbura peke yake. Na kwa msomaji aliyekwishapokea barua ya namna hii: usiiloweke ili kubandua stempu. Hifadhi bahasha nzima, pamoja na anwani na muhuri wake.